Tobias Ajwang na Nyota ya Tatu

Wazee, mama zetu, majirani wa hapa Waithaka na wenzake marehemu wa kazini, hamjambo, naomba tunyamaze kidogo, mimi ni Nashon, mdogo wa marehemu, nilijua kusoma mwaka wa 1955 nikiwa mtu mzima, kwa hivyo nitasoma pole pole na sitaruka neno.

Marehemu Tobias Ajwang alizaliwa kwetu Gem tarehe 14 Machi 1912, akasoma shule ya misheni mpaka darasa la tatu, akaja Nairobi 1931, akaandikwa kazi katikati ya mji kwa Bwana Gurcharan, fundi wa miwani, akafundishwa kusugua vioo, na kazi ni hiyo mpaka mwisho.

Alimuoa Peres tarehe 6 Agosti 1938, wakapata Ogutu na Philister, na mimi nilipokuja 1949 tukakaa wote chumba kimoja, tukagombana juu ya sufuria, juu ya kitanda, juu ya kila kitu, mpaka Peres akafunga mizigo arudi kwao.

Mwaka wa 1951 Bwana Gurcharan alitengeneza darubini, akamwonyesha marehemu nyota moja ya upande wa kusini, kumbe ni tatu, mbili zinazungukana karibu karibu, ya tatu iko mbali kabisa inazunguka hizo mbili, akasema zimekaa hivyo miaka na miaka kwa sababu ile ya tatu haisongi karibu, ikisonga, moja itatupwa nje. Marehemu alirudi anacheka, akaniambia, Nashon, nyota ya tatu ni wewe, tafuta nyumba. Nilikasirika, nikahamia mtaa wa Kaloleni, nikawa nakuja Jumapili, na Peres akafungua mizigo, na hatukugombana tena.

Alishikwa na kifua Januari mwaka huu wa 1958, akafa hospitalini tarehe 9 Juni asubuhi. Mimi sijalia mpaka sasa, sijui kwa nini.

Jana wazee mliniuliza kama nitamrithi Peres awe mke wangu, vile mila yetu inasema. Peres mwenyewe amesema, shemeji, kaa kule kule, lakini usipotee. Na Bwana Gurcharan aliniambia kwamba moja ya zile nyota mbili ikitoka ghafla, ile ya mbali inaweza kwenda zake isirudi tena, na hiyo ndiyo naogopa, kwa hivyo wazee wangu, kwa heshima, sitamrithi, na sitapotea.

Tunashukuru madaktari na manesi, majirani mliopika, Bwana Gurcharan aliyefunga duka leo.

Tobias, ndugu yangu, pumzika kwa amani, wewe hukunifukuza.

Sasa narudi Kaloleni. Peres, Jumapili weka chai, nitakuja.