Fremu ya Hamsini na Mbili

Mshona nguo alikuwa akirudi nyumbani kwa treni, macho dirishani, masikio kwingine. Mbele yake msichana mwenye medali shingoni alikuwa ameshikilia baiskeli ya mbio za uwanjani, ile isiyo na breki. Mzee wa kiti cha jirani aliikagua kama anayenunua mbuzi.

"Mjukuu wangu, fremu hii ni ndogo," akasema. "Nimeshindana miaka ishirini. Kwa urefu wako ni sentimita hamsini na sita."

"Niliipanda hiyo misimu miwili, babu, nikawa wa mwisho. Urefu wangu wote uko miguuni, kiwiliwili kifupi. Usukani nilikuwa naufuata mbali, mgongo unawaka moto."

"Mgongo huzoea."

"Wangu ulikataa. Nikajipima upya toka nyayo hadi pajani, nikachukua hamsini na mbili, nikapandisha siti, nikaweka mikono mifupi ya pedali. Leo nimewaacha wenzangu nusu mzunguko."

"Kwa fremu kubwa ungewaacha mzunguko mzima."

Mshona nguo alishindwa kuvumilia. "Mwili haukatwi ufuate nguo," akasema, na msichana akamgeukia akicheka kwa furaha ya mtu aliyepata shahidi.

Treni ikasimama. Mzee, ambaye kituo chake kilikuwa bado, aliteremka pamoja na msichana akiwa ameibeba baiskeli yeye mwenyewe.

"Nyepesi," mshona nguo alimsikia akikiri pale jukwaani. "Lakini ni ndogo. Hebu nishikie kofia niipande kidogo."