Aliyewaachia Wagonjwa Usingizi Wao

Ndugu waombolezaji, mama yetu, ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Shii, alizaliwa tarehe 12 Machi 1956, mtoto wa nne wa fundi baiskeli, akaanza shule mwaka 1963, akahitimu uuguzi mwaka 1977, na Julai mwaka huohuo akaajiriwa wodi namba nne ya wanawake, alikokaa hadi kustaafu mwaka 2016. Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na baba yetu, seremala, wakajaliwa watoto watatu, nasi nyumbani tulinyata kama wezi, maana ukibamiza mlango, utamtambua.

Jina hilo hakupewa bure, wala hakuanza nalo. Kwa miaka kumi na minne aliwaamsha wagonjwa saa kumi alfajiri, akawapima na kuwaogesha, ili zamu ya asubuhi ikute wodi inang'aa, na akijisifia kweli, hadi Agosti 1991 mama yake mzazi alipolazwa humo kwa kuvunjika nyonga, naye, asije akaambiwa anapendelea, akamwamsha kama wengine. Siku ya tano bibi, kwa kukosa usingizi, akaanza kuweweseka, akamwita mwanawe mwizi, na tarehe 30 akafariki bila kumtambua. Lilimuuma hilo, jamani, likamuuma maisha yake yote.

Ndipo akaanza vita vyake, magurudumu ya toroli akayatia mafuta, usiku taa akazipunguza na kila apazaye sauti akamwambia "shii", mchana akafungua mapazia na kuwavalisha bibi wazee miwani yao wasichanganye usiku na mchana, na kuoga akakusogeza hadi saa moja, wenzake wakamsema eti mvivu, mganga mkuu akamwita ofisini, akaenda, akarudi, akaendelea vilevile.

Februari mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, akalazwa wodi ileile, na hofu yake ilikuwa moja tu, asije naye akatusahau. Hakutusahau. Jumatatu tarehe 2 Juni alitutaja wote watatu, akamtania baba kwa kukoroma kwake, akalala. Muuguzi wa zamu, aliyefunzwa naye, alipita saa kumi, akasikia anapumua vizuri, akamwacha, na saa kumi na mbili na nusu akamkuta ameshatutoka.

Dada yetu muuguzi, tumesikia unajilaumu kwamba hukumwamsha, tafadhali acha, maana ungemwamsha angekugombeza.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi wote wa namba nne, majirani mliotupikia tangu Jumanne, na wastaafu wenzake, hata ninyi mliomwita mvivu.

Lala, mama, pumzika kwa amani, hakuna atakayekuamsha.