Gwilym Uji na Neno Lililogeuka

Ndugu, jamaa na majirani mliojaa hapa kanisani Seion, mimi Eluned, mtoto wa kwanza wa marehemu, nimepewa na familia heshima ya kuwasomea maisha ya baba yetu, Gwilym Parry, ambaye wengi mlimwita Gwilym Uji bila kujua chanzo cha jina hilo.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1921 hapa Conwy, Wales, akasoma shule ya mjini hadi mwaka 1935, akajifunza useremala kwa babu, na mwaka 1942 akamchumbia mama yetu, Megan.

Oktoba 1943 serikali ilimpeleka Tilbury, karibu na London, kutengeneza maumbo ya mbao ya kumiminia zege ili yatoke masanduku makubwa kuliko kanisa hili, akaapishwa asimwambie mtu, ingawa hata yeye hakuambiwa ni ya nini. Aliporudi Krismasi bila sare ya jeshi, bibi mzaa mama alimvaa mbele ya wageni, "Mwanangu Emrys yuko vitani, wewe mwanaume mzima unafanya nini huko?" Baba akajibu, "Nakoroga uji, mama." Bibi akasema, "Haya, koroga, lakini Megan humpati ng'o!" Uchumba ukavunjika, mama akalia, na bibi akamwandikia mjomba Emrys kisa chote.

Baba alirudi kazini na uchungu wake, akachonga UWD, yaani uji kwa Kiwelisi chetu, ndani ya umbo, akasahau kwamba zege hugeuza maandishi, neno likatoka kinyumenyume, wenzake wakamcheka. Masanduku hayo ya zege yakavutwa baharini, yakazamishwa pwani ya Ufaransa, yakawa bandari ya majeshi yetu, na Julai 1944 mjomba, akiwa majeruhi, alipitishwa kando ya ukuta wa bandari hiyo, akaliona neno, akacheka mpaka daktari akadhani amerukwa na akili. Alifika nyumbani kwa magongo akamwambia bibi, "Mama, nimerudi kwa uji wa Gwilym." Bibi akabeba mkate wa zabibu hadi kwa akina Parry, na tarehe 16 Septemba 1944 ndoa ikafungwa humu humu.

Walijaliwa mimi, 1946, na Huw, 1949. Baba aliunda boti hadi 1986, mapafu yakaanza kumsumbua 1995, akafariki nyumbani tarehe 9 Februari 1997, mkono wake mkononi mwa mama, na tulimpenda sana.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliotuletea supu, na wenzake wa boti waliotengeneza jeneza hili, ambalo ndani ya kifuniko, kwa ombi la mama, wamechonga neno lile lile, safari hii likisomeka sawasawa kutoka pale alipolala.

Lala kwa amani, Baba, uji umeiva.