Udongo Uliochekechwa Buswelu

Wasikilizaji wapendwa, aliye na sufuria jikoni aipunguzie moto, akae. Leo tunamkumbuka Ng'washi binti Malimi, mfinyanzi wa Buswelu, aliyefariki Jumanne na kuzikwa Alhamisi. Kwa aliyechelewa narudia: Ng'washi binti Malimi, mfinyanzi wa Buswelu. Kama uliwahi kununua chungu pale sokoni Mabatini, ukakipikia miaka kisipasuke, kuna uwezekano mkubwa kilitoka mikononi mwake.

Hakuwa mtu mpole, na sitampamba. Binti yake, Getruda, alinionya mlangoni kabla hata sijakaa: "Mama alikuwa na ulimi mkali na kinyongo kirefu. Ukienda kumwita malaika redioni, huko aliko atakucheka."

Haya, tusimwite malaika.

Mwaka 1974, watu walipokuwa wakihamishiwa vijijini, Ng'washi alipandishwa lorini pamoja na binti yake, godoro moja na gunia la vigae. Vilikuwa vigae vya vyungu vilivyovunjika, vya mama yake na vya bibi yake. Mgambo mmoja akalipiga teke lile gunia, akauliza takataka hizo zinakwenda wapi. Ng'washi alilikalia gunia lake njia nzima.

Takataka hizo ndizo zilizokuwa ufundi wenyewe. Vigae husagwa, na chembe zake huchanganywa na udongo mkavu kabla ya kutiwa maji. Bila chembe hizo chungu hupendeza macho tu. Moto hakiuwezi.

Mwaka uliofuata, 1975, kijiji kikaunda kikundi cha akina mama cha ufinyanzi. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Shimba, hakumwomba Ng'washi afundishe. Alimwamuru, tena mkutanoni, mbele ya watu: "Ufundi si mali ya mtu mmoja. Ukiuficha, wewe ni mnyonyaji." Mnyonyaji, wasikilizaji! Mwanamke mwenye gunia moja. Hadi leo nikilifikiria neno lile damu inanichemka.

Lakini alifundisha. Nasema tena kwa sababu wengi wamesema vingine: Ng'washi alifundisha. Alisaga vigae vya mama yake mbele yao, akawaonyesha kipimo, akavichanganya na udongo wa kikundi debe baada ya debe.

Kiongozi wa kikundi alikuwa Leonsia, mke wa mwalimu, mtu wa Bukoba, msafi kupita kiasi. Yeye na Ng'washi hawakuiva chungu kimoja tangu siku ya kwanza. Leonsia aliziona zile chembe, akaamini kwamba mwenzake anawatilia uchafu makusudi ili vyungu vya kikundi viharibike, vyake viendelee kuuzwa. Ng'washi alipokwenda shambani, Leonsia akaleta chekeche la unga, akauchekecha udongo wote. Chembe akazimwaga njiani. Ng'washi aliporudi akaambiwa asante, tumeshajua, sasa tutafinyanga wenyewe.

Wakafinyanga vyungu arobaini na kimoja, laini ajabu. Kimoja kilikuwa cha Getruda, msichana wa miaka kumi na saba wakati huo, aliyejiunga wakati wa kufinyanga tu. Kilikuwa chungu chake cha kwanza.

Siku ya kuchoma, wageni kutoka wilayani wakiwa wamekwisha kufika, ikabidi Ng'washi aitwe, maana hakuna mwingine aliyejua kuupanga moto. Akakiinua chungu kimoja, akakwangua kitako chake kwa ukucha. Hakikuwa na chembe hata moja. Akakwangua kingine. Vivyo hivyo. Akafungua mdomo aseme.

Leonsia akamwahi, watu wote wakisikia: "Mama Getruda, wewe washa tu. Udongo tuachie sisi tunaoujua."

Akina mama wakacheka. Ng'washi akaufunga mdomo wake, akauwasha moto kwa mkono wake mwenyewe.

Vyungu vikaanza kulia na kupasuka, kimoja, viwili, kisha vyote. Hakikupona hata kimoja kati ya arobaini na kimoja. Shimba akamwita mchawi mbele ya wageni, na jina likaganda. Miaka na miaka hakuna jirani aliyekwenda kuomba moto kwake. Watoto walikatazwa kumpa shikamoo. Getruda hakugusa udongo tena.

Ng'washi hakujitetea. Siku tatu aliokota vipande vya vile vyungu kwa kanga, akavirudisha kwenye gunia. Akavisaga, akafinyangia. Chungu chako cha Mabatini kina vigae vya wanawake waliomcheka.

Alhamisi, tukitoka makaburini, Leonsia alinivuta kando. Ni mjane sasa, macho yamechoka. Akasema, "Nilichekecha mimi. Yeye hakujua. Amekufa akidhani mkono wake ndio uliokosea. Nikimwona sokoni nilikuwa nakata kona." Alilia.

Jana Getruda akanipa jibu la kumpa Leonsia. Mama yake alimwambia akiwa kitandani: "Nilijua. Neno moja lingetosha, nikalimeza ili waaibike. Na chako kilikuwamo, mwanangu. Nilikiona."

Getruda, pole sana. Poleni ukoo wote wa Malimi. Mungu ampumzishe mama yenu.

Wasikilizaji wapendwa, mwenye neno alilolimeza kwa hasira ajiulize leo limemgharimu nani.

Na wewe, Mama Leonsia, najua redio yako iko wazi. Pole. Marehemu alijua tangu siku ile. Mzigo mliubeba wawili, kila mtu njia yake. Gunia la vigae lipo nyuma ya mlango wa Getruda, limebaki nusu, naye hajui kipimo. Kati ya wote waliokaa pale wakimwangalia Ng'washi akichanganya, aliye hai ni wewe peke yako. Getruda yuko nyumbani. Anakungoja.