Historia Niliyoisomea kwa Jembe

Wapendwa, kaeni tu. Mchungaji anajua mimi nikishika maikrofoni siachi, kwa hivyo mama mwenyekiti, nikizidisha nivute sketi.

Mnanijua, ndiye mimi msaidizi wa nasari hapa Migwani. Shule niliachia kidato cha tatu, nikaolewa. Juzijuzi nikaambiwa wazi kwamba bila cheti cha kidato cha nne, kazi hiyo atapewa mwingine. Na mimi wale watoto nawapenda! Nikajiandikisha mtihani, mama mzima, nikakaa na wasichana wa umri wa binti yangu.

Masomo mengine yalinikubali. Historia ikanikataa. Swali lilitaka sababu za kuanguka kwa biashara ya Wakamba ya masafa marefu. Nikasema, hili si la nyumbani? Nikaanza na babu ya babu yangu, alivyotoka Kitui na pembe za ndovu, alivyolala njiani, alichokula. Kengele ikalia babu bado hajafika Mombasa. Mnacheka, lakini siku ya matokeo nililia.

Nikamwonyesha mwalimu mmoja jinsi ninavyojibu. Akasoma, akatikisa kichwa. "Mama, huu ni ushuhuda. Mtihani unataka pointi."

Nikarudia kusoma, lakini kwa kujificha, maana niliogopa kuchekwa nikianguka tena. Hata tukienda mwethya, kusaidiana kina mama kuchimba matuta kwenye mashamba yetu kwa zamu, nilikuwa nalima huku nikinong'ona peke yangu. Siku moja mama anayetuongoza kuimba tukilima akasimamisha jembe. "Mwaitu, mama, unaongea na nani? Uko sawa kweli?"

Ndugu zangu, nilichoka kuficha. Nikamwambia yote mbele ya wote. Nikangoja kicheko. Yeye akasema, "Basi leta hizo pointi, tuziimbe."

Tukaimba! Yeye anauliza, "Biashara ilianguka kwa nini?" Mimi naitikia, "Reli ilifika!" Majembe chini. "Ongeza!" "Waarabu na Waswahili wakaingia bara!" Majembe chini. Nikijaribu kumleta babu, wananikatiza, "Huyo muache, ongeza!" Mpaka matuta yanaisha, wale mama walikuwa wanajua historia kuliko chifu.

Kwenye mtihani nilisikia majembe kabisa. Jembe moja, pointi moja, mstari mwingine. Nikamaliza nikabaki na muda wa kusoma tena.

Nimepita, wapendwa. Chuo cha walimu wa nasari kimeniita. Nimefurahi hata sijui niweke wapi hii furaha.

Asanteni kina mama wa mwethya, na mwalimu aliyeniambia ukweli bila kunidharau. Na wewe uliyekaa huko nyuma na jambo lako, wazee walisema mficha uchi hazai. Samahani mchungaji, lakini ni kweli. Sema shida yako.

Jumatatu naenda chuo. Matuta ya shamba langu hayajachimbwa, na nilikuwa nimeamua yangoje. Jana asubuhi nilitoka nje nikiwa na kikombe cha chai, nikakuta kina mama wako shambani kwangu, wameshaanza kuimba.