Zenaida Yescas Bautista: Beki wa Halconas, Topili wa San Melitón

Marehemu Zenaida alizaliwa tarehe 14 Machi 1993 hapa San Melitón, katika milima ya jimbo la Oaxaca, mtoto wa pili wa don Fidencio Yescas, aliyemtangulia, na doña Hermelinda Bautista.

Alimaliza shule ya msingi hapa mwaka 2005 na sekondari Ixtlán mwaka 2011. Kwetu mpira ni wa kikapu. Yeye aliucheza kwa miguu kwenye uwanja uleule wa saruji, alifukuzwa, akarudi.

Julai 2017 ligi ya kulipwa ya wanawake ilipoanza, alisajiliwa na Halconas, timu ya Tehuacán huko bondeni. Washambuliaji hawakupenda kupangwa upande wake.

Wakati ule mwanamke hakuketi katika mkutano wa kijiji. Oktoba 2021 mtu mmoja alilitaja jina lake kwa mzaha ateuliwe topili: kulinda ofisi, kupeleka barua na kutuliza walevi, mwaka mzima bila mshahara.

“Si anakimbiza watu huko bondeni? Aje atukimbizie na walevi wetu!”

Wanaume wakacheka, wakanyoosha mikono. Walisahau sheria yao wenyewe, kwamba amalizaye utumishi ana haki ya kuketi na kupiga kura.

Kaka yake Delfino alimsihi. “Dada, wamekudhihaki. Mlipe mtu akushikie zamu, wewe ukacheze.”

“Na kiti mkutanoni atakalia nani? Huyo niliyemlipa?”

Kocha alimpigia simu kumwonya. “Ukienda mwaka mzima, namba yako nampa mwingine.”

“Mpe tu, kocha. Nikirudi nitamnyang'anya.”

Tuseme kweli mbele ya jeneza hili. Wapo wanaume wenye afya njema waliolipa watu watumike badala yao, na leo wameshika maua. Zenaida alitumika mwenyewe, Januari hadi Desemba 2022. Usiku wa sikukuu ya mtakatifu wetu, don Wenceslao alipanda jukwaa la bendi akiwa amelewa mezkali, akagoma kushuka.

“Binti, mpira wako uko Tehuacán. Niache!”

“Don Wenceslao, leo mpira ni wewe. Unashuka kwa miguu yako au kwa yangu?”

Alishuka. Ni yeye mwenyewe aliyeomba hili lisomwe.

Januari 2023 Zenaida alirudi Tehuacán, akasugua benchi hadi Septemba. Kisha akaichukua namba yake na hakuiachia. Oktoba aliingia mkutanoni. Aliyekaa mlangoni akamwambia, “Jikoni ni kule, binti.”

“Nimetoka huko, tortila zinaungua. Nenda kaangalie, mimi napiga kura.”

Akaketi, mwanamke pekee.

Tarehe 9 Desemba 2023 alifunga ndoa na mwalimu Abdiel Santibáñez katika kanisa hili. Hawakujaliwa mtoto. Mwaka 2024 alikuwa nahodha wa timu.

Mei 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya damu, akalazwa jijini Oaxaca. Wachezaji wenzake walipanga foleni kumchangia damu. Oktoba daktari alimkataza safari ya mlimani. Alikuja mkutanoni, amejifunga kitambaa kichwani, akatoa hoja kwamba kazi ya jikoni siku za sikukuu ihesabiwe utumishi, ili kila mwanamke aliyeifanya aketi mkutanoni. Wengine walinung'unika kwamba kupika si kazi.

“Basi mwaka huu msile,” alisema.

Mkono wake ulikuwa dhaifu. Aliunyanyua kwa kuushikilia kiwiko kwa mkono wa pili, akangoja hivyo hadi kura zilipokwisha kuhesabiwa. Hoja ilipita. Alifariki tarehe 6 Novemba 2025, alfajiri, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, Abdiel. Mama, doña Hermelinda. Kaka, Delfino, na watoto wake. Na wachezaji wa Halconas, waliosafiri kuja kumbeba.

Mkutano wa kijiji ni Jumapili ijayo, baada ya misa. Viti vimeongezwa. Wanawake wa San Melitón, njooni mketi. Zenaida amemaliza utumishi wake. Sasa apumzike kwa amani.