Nelius Karimi na Mashine ya Vipande vya Bei Nafuu

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Nelius Karimi, mkuu wa ghala, anastaafu baada ya kukitumikia Chuo cha Ufundi cha Mlima Mwangaza kwa miaka thelathini na moja. Alifika hapa Meru kutoka Kiritiri mwaka 1994, karani mchanga mwenye sanduku moja la bati. Anaondoka akiwa bosi, na sanduku ni lile lile. Hajaona sababu ya kununua jingine wakati hilo bado linafunga.

Madam Nelius, kama tunavyomwita, anatuachia sheria mbili. Ya kwanza, kitu chochote kinachonunuliwa, hata kama ni ufagio, lazima kiulizwe bei katika maduka matatu, na mwenye bei ya chini ndiye anayeuza. Ya pili, kikifika kinajaribiwa mezani pake mbele ya aliyekileta, na chenye kasoro kinarudi kilikotoka. Kiti kipya cha mkuu wa chuo kiliwahi kurudishwa dukani kwa sababu mguu mmoja ulikuwa mfupi kidogo, na mkuu akakalia stuli ya maabara kwa wiki nzima. Sote tulijifanya hatuoni. Aliyecheka waziwazi ni Bwana Runji, aliyekuwa mpishi mkuu wetu.

Runji naye ni mtu wa Kiritiri, na urafiki wao ulianza kwa njia ya kiofisi kabisa. Miaka ya tisini wanafunzi walinyang'anywa mashine ya michezo ya TV waliyoificha bwenini, ikaletwa ghalani, na hakuna aliyejitokeza kuidai. Madam Nelius akaiunganisha na TV kuukuu ili aijaribu, kama sheria ya pili inavyotaka. Jaribio hilo lilichukua zaidi ya miaka ishirini. Kila siku baada ya chakula cha mchana yeye na Runji walikaa juu ya magunia ya maharagwe, wakicheza ule mchezo wa matofali yanayoanguka kutoka juu na wewe unayapanga yasiache mwanya. Walikuwa wakigombana kwa Kimbeere, lugha ya kwao, ili tusiwaelewe. Hata hivyo tulijua nani ameshindwa, kwa sababu Runji akishindwa, githeri ya jioni, yaani mahindi na maharagwe, ilikuwa na chumvi ya kutosha kijiji kizima.

Miaka mitatu iliyopita Runji alistaafu, akarudi kwa mbuzi wake. Mwaka huo huo radi ilipiga transfoma yetu na ile mashine ikaungua. Halafu mwaka jana Runji alipatwa na kiharusi, mkono wa kushoto ukalala na maneno yakawa ya shida. Madam Nelius alikwenda kumwona na unga na sukari, akarudi ghalani. Jioni alimwambia Kajuju, mhasibu wetu: "Tulikaa tu. Nikamuuliza mbuzi wako aje, akasema wako sawa. Nikamaliza maneno. Mimi na Runji hatujui kuongea, tunajua kucheza."

Kwa hiyo kamati ya kumuaga ilipomuuliza anataka zawadi gani, tukitarajia atasema tangi la maji kama wastaafu wote, alisema tangi analo. Alitaka mashine ya kuchezea matofali, ya watu wawili, iwe tayari kabla hajarudi nyumbani.

Macho yote yakanigeukia mimi, Gitobu, mwalimu wa kompyuta. Ningeweza kusema ukweli kwamba sijawahi kuunda mashine ya namna hiyo, na kwamba nilichokuwa nacho ni video nilizotazama kwenye simu. Badala yake nilieleza kwa sauti ya mtaalamu kwamba siku hizi unachukua ubao mdogo wa kompyuta, unaoenea kiganjani, unaupa umeme, memori kadi yenye michezo ya zamani na vidhibiti viwili vya kuchezea, basi. Nikaongeza kwamba ni kazi ya wiki moja. Kajuju aliandika neno hilo kwenye kumbukumbu za mkutano, na bado ananionyesha.

Tukanunua kwa kufuata sheria ya kwanza. Ubao, chaja, kadi, kebo, kasha, feni na vidhibiti, kila kimoja kiliulizwa bei katika maduka matatu ya Meru mjini, na kila kimoja kikatoka kwa mwenye bei ya chini. Wanakamati tulipongezana. Hakuna hata mmoja wetu, na hapa namaanisha hasa mwenye shahada ya kompyuta, aliyefikiria kwamba vitu hivyo vingetakiwa kuishi pamoja. Kebo ilikuwa na mdomo mkubwa na ubao una tundu dogo. Kasha lilitengenezwa kwa ubao wa aina nyingine, kwa hiyo matundu yote ya ubao yaliutazama ukuta wa kasha. Kadi iliandikwa ina nafasi ya kumeza maktaba, lakini ukiweka michezo kumi inakurudishia mitatu. Chaja ilikuwa ya simu ndogo. Feni peke yake ndiyo iliyozunguka vizuri, ikipoza kitu ambacho hakijawahi kuwaka.

Tuliazima kebo, tukatoboa kasha kwa msumari wa moto, tukapeleka mashine mezani pa Madam Nelius tukiwa na matumaini yasiyo na msingi. Aliiwasha. Taa nyekundu ikapepesa, skrini ikaonyesha rangi kidogo, ikazima. Kajuju akaniuliza mbele ya watu: "Sasa Gitobu, hii kitu ni bei rahisi lakini haiwaki. Tume-save nini?"

Tulingoja tufokewe, maana kufokewa tumezoea. Madam Nelius alisema tu, "Rudisheni." Kisha akaongeza polepole: "Nilishamwambia Runji. Mkewe anasema ameanza kunyoa ndevu tena." Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona hata siku ya mahafali nilipokanyaga joho langu nikaanguka jukwaani.

Mara ya pili tulifanya kinyume. Tulikwenda kwa fundi mmoja karibu na steji ya magari, tukapanga vipande vyote juu ya kaunta yake, na hatukulipia chochote mpaka tukione kikiwaka pamoja na vingine. Ubao tulichukua uliotumika, kwa sababu michezo ya zamani haihitaji nguvu nyingi. Chaja tulinunua ya kweli, na Kajuju alilipa huku akitazama pembeni. Kadi tulichukua ndogo kutoka kwa muuzaji aliyekubali kuirudisha ikikosea. Skrini mpya hatukununua, kwani TV kuukuu ya bwenini ilikuwepo, yenye matundu ya waya za rangi tatu. Bwana Muthamia, mwalimu wa useremala, aliunda kasha kwa mabaki ya mbao na kulitoboa matundu ya hewa, feni ikastaafu kabla ya Madam Nelius. Kisha, bila kuulizwa, akaenda jikoni akachukua kibao cha chapati alichokuwa akikitumia Runji, akakikazia fimbo ya kuchezea na vitufe viwili vikubwa. Kinatulia mezani chenyewe, na mkono mmoja unatosha.

Jumanne iliyopita tulirudi mezani pake. Mashine iliwaka. Matofali yakaanza kuanguka, na Kajuju akapiga kelele ambazo hata kanisani hajawahi kupiga.

Lakini kulikuwa na kasoro moja. Kidhibiti cha pili kilikuwa kile cha ununuzi wa kwanza, cha bei ya chini kabisa, nilichokichagua mwenyewe kwa kujivunia. Kitufe cha kulia hakifanyi kazi. Ukicheza nacho, matofali yanakubali kwenda kushoto tu, na muuzaji ameshahama. Nilimwomba Madam Nelius siku mbili nitafute kingine. Alikijaribu, akashindwa vibaya, akakigeuzageuza mkononi. Sote tulijua neno linalofuata.

Hakulisema. Alifungua sanduku lake la bati, akakiweka ndani, akatia sahihi kwamba amepokea. "Hiki ni changu," alisema. "Yeye ana mkono mmoja, mimi nitakuwa na upande mmoja. Asije akasema nilimwonea." Katika miaka thelathini na moja, hicho ndicho kitu kibovu cha kwanza kupita mezani pake.

Madam Nelius, asante kwa kila ufagio uliotuulizia bei na kila kiti ulichokirudisha. Tutakukosa sana, na ghala litakukosa kuliko sisi. Msalimie Runji, mwambie githeri siku hizi haina ladha. Tunakutakia mapumziko mema, afya, na kushindwa kwa haki. Na matofali yote yawe yale yanayotaka kwenda kushoto.